Meza ya Pili

Kituo cha damu kilikuwa na meza tisa, mafriji matano na fundi wa kompyuta mmoja, ambaye watu wote walimwita Waya. Jina hilo alilipata siku yake ya kwanza kazini. Alitoka chini ya meza ya mapokezi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaulizwa anatafuta nini huko, naye akajibu, "Waya." Basi, ikawa imetoka. Hata barua za ofisi zilikuja zimeandikwa hivyo.

Kwenye meza ya pili, iliyo karibu na mlango wa chumba cha baridi, aliketi mama mkwe wake. Huyo naye alikuwa na lake: Mama Friji, kwa kuwa alikuwa na mafriji yale kwa miaka ishirini na nane, akiyajua kwa mlio kama mzazi anavyojua kilio cha mwanawe. Waya alimkuta pale, na kwa muda walitaniana kama wafanyakazi wowote. Kisha Waya akamposa binti yake, na utani ukafa kifo cha ghafla. Tangu hapo alisimama akimsalimu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, baba." Basi. Kama kuna ziada, ilipitia kwa mke wake.

Kituo kilitumia programu nne. Moja ya wachangiaji, moja ya maombi ya hospitali, moja ya akiba inayoonyesha kila mfuko wa damu ulipo, na ya nne ya mazoezi, nakala ya ile ya akiba, mifuko yake na namba zake vilevile, ili wageni kazini wajifunzie bila kuharibu kitu. Zote zilikaa kwenye seva moja, iliyofungiwa kwenye kichumba cha Waya, kila moja ndani ya kontena lake, yaani mahali pake palipojitenga penye kila inachohitaji, ili ikiugua moja isiambukize nyingine.

Taabu ilikuwa anwani. Ili kufika kwenye programu ilibidi uandike mlolongo wa namba na nukta, na mwisho wake namba ya mlango: 8081, 8082, 8083, 8084. Kila kompyuta ilikuwa imebandikwa vikaratasi kama ukuta wa matangazo. Yule dada wa meza ya nne, anayepokea maombi ya damu kutoka hospitalini, na kwa hiyo akaitwa Dada wa Maombi mpaka wageni wakadhani kazi yake ni kuwaombea wagonjwa, siku moja alimwingiza mchangiaji mahali pasipo pake. Dereva akapewa karatasi ya kupeleka hospitali mwanamume mmoja wa kilo sabini.

Waya akaona imetosha. Jumatatu moja, wakati wa chai ya saa nne, aliwakusanya.

"Kuanzia leo hakuna namba," aliwaambia. "Andikeni jina tu: akiba, wachangiaji, maombi, na kesho nitamalizia mazoezi. Mbele ya programu zote nimeweka nyingine, inaitwa proksi. Ombi lako linafika kwake kwanza. Inasoma jina uliloandika, inakwenda kwenye programu yenyewe, inakuletea jibu."

"Kwa hiyo hatuendi wenyewe?" aliuliza Mama Friji.

"Hamwendi wenyewe, Mama. Inakwenda kwa niaba yenu."

"Na ikikosea nyumba?"

Watu wakacheka. Waya naye akacheka, kwa adabu, akasema haiwezi kukosea, maana inafuata faili aliloiandikia yeye, neno kwa neno.

Vikaratasi vikabanduliwa. Siku nzima watu walimpita mlangoni wakimwambia kazi imekuwa rahisi, na Waya, ambaye kwa kawaida alisikia jina lake pale tu kitu kinapokufa, akavimba kichwa kidogo. Jumanne alasiri akamalizia lile jina la nne, la mazoezi, akajaza fomu moja kulijaribu, ikapita bila kukwama. Akafunga kichumba akaenda zake nyumbani akipiga mluzi.

Jumatano asubuhi Mama Friji alikuwa na ruhusa ya kwenda kupima macho. Saa tatu na nusu hospitali ya wazazi ikapiga simu: kuna mama amejifungua na anavuja damu, kundi lake O hasi, wanataka mifuko minne haraka. Dada wa Maombi akafungua akiba. O hasi: sifuri. Akafunga, akafungua tena. Sifuri. Kanuni ya kituo ilikuwa kwamba kinachoaminiwa ni kilichoandikwa kwenye kompyuta, si anachokumbuka mtu. Akasema hatuna. Hospitali ikampakia mgonjwa kwenye gari na kumkimbiza hospitali nyingine, mwendo wa saa mbili. Alifika hajitambui. Walimwongezea damu, akapona. Lakini daktari aliyempeleka alipiga simu baadaye kwa mkuu wa kituo, na alichosema hakikuwa salamu.

Mchana Mama Friji akarudi, akavaa koti lake la chumba cha baridi, akaingia na daftari kuhesabu mifuko kama alivyofanya kila siku ya Mungu, kompyuta iwepo isiwepo. Rafu ya tatu akakuta mifuko sita ya O hasi, mizima, haijapitwa na tarehe. Akatoka, akatazama kwenye kompyuta. Yote sita ilikuwa imeandikwa: imetupwa. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, hata koti hakulivua.

Mkuu wa kituo alikuwa daktari mwanamke mpole, asiyependa kelele, na ambaye kwa sababu hiyo kila alichosema kilisikika. Alifungua historia ya mfuko wa kwanza. Programu ya akiba ilikuwa ya kizamani, haikujua watu. Nenosiri lilikuwa moja kwa wote, na ilichoandika ni meza tu. Iliandika hivi: Imetupwa, Jumanne, saa kumi na dakika arobaini, Meza 2.

Mkuu akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake na koti lake zito.

Alhamisi asubuhi Waya aliitwa ofisini na kuambiwa aichapishe historia ile ya mifuko sita. Akaichapisha. Aliporudi nayo alimkuta mama mkwe wake ameketi, mkoba mapajani.

"Mimi sijatupa kitu," alikuwa akisema Mama Friji. "Jumanne saa kumi na arobaini nilikuwa nimeshafunga mafriji, natafuta viatu vyangu."

"Mama, hakuna anayesema ulikusudia," alisema mkuu. "Lakini jana umekwenda kupima macho."

"Macho yangu yanaona mbali. Taabu ni karibu."

"Kioo cha kompyuta kiko karibu."

Mkuu akamgeukia Waya. "Fundi, nakuuliza wewe. Inawezekana mashine imekosea?"

Waya alikuwa na nafasi ya kusema ngoja niangalie. Maneno manne tu. Lakini alikuwa ametoka kusifiwa siku tatu mfululizo, na sifa ni kama usingizi, hujui kuwa umekuchukua mpaka umeanguka.

"Mashine haina sababu ya kumsingizia mtu," alisema.

Mkuu akatikisa kichwa taratibu. Kuanzia Jumatatu, alisema, Mama angehamia chumba cha mafaili ya zamani, kazi nyepesi, kwa ile miezi minane iliyobaki kabla ya kustaafu. Haikuwa adhabu. Mama Friji akasimama, akaufunga mkoba wake, akapita karibu na mkwewe bila kumtazama.

"Ahsante, baba," alisema.

Jioni hiyo Waya alimkuta mke wake akipiga pasi. Kwa namna alivyokuwa akiikandamiza ile pasi, alijua habari imemtangulia.

"Mama amepiga simu," alisema mke wake. "Amesema nikwambie karatasi imetoka vizuri. Maandishi yanasomeka."

Waya akaketi.

"Ulimtetea?"

"Niliulizwa swali la ufundi, mke wangu. Nikajibu la ufundi."

"Sawa. Mimi nakuuliza la ukoo." Akaligeuza shati. "Yule mwanamke anahesabu mifuko hata akiwa na homa. Akija hapa anahesabu vijiko vyangu. Leo atupe mifuko sita asijue?"

Waya alikula, akalala, lakini usingizi wenyewe ulikuwa wa kuazima.

Ijumaa aliwahi kazini kabla ya wote. Hakuwa na nia kubwa. Alitaka tu kuona kama kuna jambo jingine lililofanyika kwenye akiba jioni ile ya Jumanne. Akafungua orodha nzima badala ya historia ya mfuko mmoja mmoja. Akaanza kusoma. Meza 2. Meza 2. Meza 2. Akashuka ukurasa. Meza 2. Akapanda mpaka Jumatatu asubuhi, na hapo akaona meza za kawaida, ya kwanza, ya sita, ya tisa, ya nne, watu wakifanya kazi zao. Ilipofika saa nne ya Jumatatu, saa ile aliyowaambia watu waandike majina, meza zote zikatoweka ikabaki moja. Hata Jumatano asubuhi, Mama Friji akiwa ameketi kwenye kiti cha daktari wa macho akisoma herufi ukutani, Meza 2 ilikuwa ikichapa kazi kama mchwa.

Alielewa papo hapo, na kuelewa kwenyewe kuliuma. Kila kompyuta ya kituo ilikuwa na anwani inayoishia na namba ya meza yake, na programu ya akiba ilichofanya ni kuchukua ile namba ya mwisho na kuandika: Meza kadhaa. Zamani watu walikwenda wenyewe, ikawaona. Sasa inayokwenda ni proksi, kwa niaba yao, na ndani ya seva proksi ilikuwa na anwani yake yenyewe. Waya akaiangalia, ingawa alishajua atakuta nini. Iliishia na mbili. Palihitajika mstari mmoja kwenye faili lake, wa kuiamuru proksi imtaje aliyeituma, na programu iambiwe imsome huyo. Mstari huo hakuuandika.

Alitaka kukimbia kwa mkuu wakati uleule. Kisha akafikiri: nikienda, ataniuliza ni nani basi. Proksi ilikuwa na kumbukumbu zake, tena hizo ziliandika anwani halisi ya kila aliyeingia. Akazifungua. Akatafuta Jumanne, saa kumi na dakika arobaini. Akapata mistari sita, mmoja kwa kila mfuko. Anwani iliishia na saba.

Meza ya saba ilikuwa yake.

Aliusoma mstari ule kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Jina lililoombwa: mazoezi. Akakumbuka fomu. Alikuwa amechagua mifuko sita ya kwanza aliyoiona, akabonyeza Tupa, kuona kama fomu inapita. Ilikuwa ya mazoezi, ingeharibu nini? Akafungua faili lake la mipangilio. Kipande cha akiba, chini yake kipande cha mazoezi. Alikuwa amekinakili cha kwanza ili asiandike upya, akabadilisha jina juu, na chini, mahali pa kusema ombi lipelekwe wapi, akasahau. Aliyeandika mazoezi alipelekwa kwenye akiba halisi, wala asingejua, maana programu zilifanana kama mapacha.

Ilikosea nyumba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeielekeza.

Akarekebisha vipande vyote viwili, cha mazoezi kielekee kwake na cha akiba kimtaje aliyetuma, maana hilo halikuweza kungoja. Kisha akakaa. Nje watu walianza kufika. Alisikia mlango wa chumba cha baridi ukifunguliwa na kufungwa. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua kuwa kumbukumbu za proksi zipo, sembuse kuzisoma. Na shetani wa mtu huja na suluhisho zuri. Angeweza kusema kweli nusu, na ile nusu ingetosha kumtoa mama mkwe wake kwenye aibu.

Akaenda kwa mkuu akasema hivyo. Tangu Jumatatu namba ya meza imeharibika, kosa ni la proksi, kila kitu kinaandikwa Meza 2. Mama hana hatia.

"Kwa hiyo ni nani?" aliuliza mkuu.

"Kwa namba ile ya meza, haiwezi kujulikana."

Mkuu akavua miwani. Waya akadhani ni kwa unafuu. "Mgonjwa nusura afe," alisema. "Kama si mmoja, basi ni mmoja kati ya tisa. Waite wote, saa nne."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na ya Waya ilikuwa ya saa mbili. Saa nne watu tisa walisimama ofisini wamebanana, na mkuu, kwa sauti yake ileile ya chini, akamwambia kila mmoja aeleze alikuwa wapi Jumanne saa kumi na dakika arobaini. Wa meza ya kwanza alikuwa na mchangiaji. Mama Friji akarudia habari ya viatu, safari hii bila kumtazama yeyote. Wa tatu alikuwa ameondoka. Ikafika kwa Dada wa Maombi.

"Nilikuwa mezani kwangu," alisema. "Programu ya akiba ilikuwa wazi." Akamtazama Mama Friji. "Nilikuwa nimechoka. Labda nilibonyeza, sijui. Tangu Jumatano najiuliza. Mimi ndiye niliyewaambia hatuna. Labda ni mimi."

"Si wewe," alisema Waya.

Hakuwa amekusudia kusema kwa sauti vile. Watu wakageuka.

"Si yeye. Ni mimi. Meza ya saba." Akamgeukia mkuu. "Inajulikana. Nilisema haijulikani, lakini inajulikana, nimeiona asubuhi. Nilikuwa najaribu mazoezi, na nilikuwa nimeyaelekeza kwenye akiba. Nilinakili, sikubadilisha. Mifuko sita nimeitupa mimi kwa mkono wangu, na nikaenda nyumbani."

Mkuu akauliza jambo moja tu.

"Uliyajua haya ulipokuja kwangu saa mbili?"

"Ndiyo."

Hilo, kuliko mifuko, ndilo lililoandikwa kwenye barua yake ya onyo. Kosa la faili mkuu alilieleza kwa mistari miwili. Ile saa mbili aliieleza kwa aya nzima. Waya akaamriwa aandike mwenyewe barua ya maelezo kwa hospitali ya wazazi, akaiandika mara nne. Jibu lilikuja na neno moja: "Tumepokea." Na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kubadilisha kitu kwenye seva peke yake. Kila badiliko lifanyike asubuhi, mtu wa pili akiwa ameketi kando, afahamu au asifahamu, na Waya amsomee kila mstari kwa sauti kabla ya kuuwasha. Watu walidhani ataona ni kudhalilishwa. Lakini aligundua kwamba ukimsomea mtu mstari kwa sauti, masikio yako hukamata kile ambacho macho yalikiruka. Wiki ya kwanza tu alikamata makosa mawili.

Dada wa Maombi alimsalimu kama kawaida baada ya siku tatu. Mama Friji alibaki meza ya pili, miwani mpya puani, na hakusema naye neno kwa wiki mbili. Si kwa ugomvi. Akisalimiwa aliitikia. Ila ile "baba" ilikuwa haipo, na Waya alisikia pengo lake kila asubuhi kama mtu anayepapasa kwa ulimi mahali palipong'olewa jino.

"Niseme naye?" alimwuliza mke wake.

"Ukamwambie nini? Umeshasema mbele ya watu tisa. Mwache ahesabu."

Asubuhi ya wiki ya tatu, Waya akiwa kichumbani, mlango ukagongwa. Mama Friji aliingia, akatazama kiti kilichojaa nyaya, akaziondoa yeye mwenyewe akaziweka sakafuni, akaketi. Tangu posa hawakuwahi kukaa chumba kimoja wawili peke yao.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimetumwa niwe mtu wa pili leo. Unabadilisha nini?"

"Nenosiri, Mama. Kila mtu apate jina lake na nenosiri lake kwenye akiba. Iandike mtu, isiandike meza."

"Ndiyo. Meza haina mikono." Akavuta kiti mbele. "Nisomee."

Akamsomea. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tano alimsimamisha, akauliza neno lile maana yake nini, naye akamweleza, kwa kuhangaika, kwa kuwa alikuwa hajawahi kulieleza kwa mtu asiyejua. Kwenye wa tisa alimsimamisha tena.

"Hapo umesema 'akiba'. Na hapa juu pia 'akiba'. Zote mbili ni sawa?"

Waya akatazama. Akatazama tena, polepole, kidole kikiwa kwenye kioo. "Zote mbili ni sawa, Mama. Safari hii ni sawa."

"Nauliza tu."

Akauwasha. Ukurasa mpya ukatokea, wenye sehemu mbili tupu, ya jina na ya nenosiri. Ilibidi mtu aujaribu, na mtu mwenyewe alikuwa ameketi pale. Akamsogezea kibodi. Mama Friji akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akiinua uso kila mara kuhakiki. Alipofika kwenye nenosiri akasita, mkono hewani, akamtupia jicho mkwewe juu ya ile miwani.

"Geukia ukutani, baba," alisema.

Waya akageukia ukutani. Nyuma yake kibodi ikaanza kulia, taratibu, na ikachukua muda mrefu sana.